Siku Tuliyomwoza Mwalimu Aikande

Binti yangu alirudi na karatasi ya shule iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho la kiganja, na kabla hajavua viatu alikuwa keshaniambia yote yaliyomo. Jumatano mazoezi ya kwaya. Alhamisi kila mtoto aje na fagio. Ijumaa masomo yanaisha mapema, ua upambwe na vitunguu vimenywe. Jumamosi ndiyo Siku ya Wazazi yenyewe: mashairi, mbio za magunia, mbio za yai na kijiko, matarumbeta kutoka Dar es Salaam, halafu chakula. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, imeandikwa kwamba siku hiyohiyo tutamuaga Mwalimu Mkuu, Mwalimu Aikande, anayestaafu.

"Na mimi nimechaguliwa kushika mrashi!" alipiga kelele, anazunguka sebuleni mikono juu. "Nnasimama langoni, kila mgeni akiingia nnamrashia. Mama, mbona shuleni kwa kina Nasra hawarashii?"

Nikamwambia ni desturi ya shule yetu. Sikumwambia kwamba desturi hiyo niliianzisha mimi nilipokuwa na miaka saba kama yeye, na kwamba niliianzisha kwa kukosea. Sidhani kama kuna mwingine katika mji huu ambaye kosa lake la utotoni limeingizwa kwenye ratiba ya shule, na kusema kweli najivunia.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, Bi Thuwaiba, katika nyumba ya ghorofa tatu kule Malindi ya Unguja, ngazi zake zimesimama wima kiasi kwamba wageni wanene walikuwa wakituita tushuke tuwaone chini. Baba na mama walikuwa Maskati kikazi. Ukoo wetu uliwahi kuwa na mashamba ya karafuu. Mimi nazaliwa, yalikuwa yamebaki maneno tu, pamoja na mrashi mmoja wa fedha wa kunyunyizia marashi, shingo ndefu na tumbo la duara, ambao bibi aliusugua kwa majivu kila Ijumaa kisha akaufungia kabatini. Mrashi ule ulitoka nje kwa mambo mawili tu, maulidi na harusi.

Shule yangu ilikuwa ya Walutheri, ndogo, nje kidogo ya Mji Mkongwe: vyumba vinne, kisima, ua wa mchanga na kanisa la bati pembeni. Nusu yetu tulikuwa Waislamu. Asubuhi wenzetu wakiimba nyimbo zao, sisi tulikaa barazani tukichora. Ikiingia Ramadhani, wao walikunywa uji wao katika chumba cha nyuma mlango umefungwa, wasitutamanishe, na rafiki yangu Upendo, mtoto wa mlinzi, alitoka humo akijifuta mdomo na kusema hajala kitu. Hatukuona ajabu yoyote. Tulidhani shule zote za duniani ziko hivyo.

Bibi alinipeleka huko kwa sababu moja. Yeye msahafu aliuhitimu mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, lakini herufi za kizungu za barua za baba hazikumwelea. Zikifika, ilimbidi ampe muuza duka wa chini amsomee, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima unajua mwanawe anaumwa jino gani. Mwalimu Aikande alinifundisha kusoma kwa muhula mmoja. Siku nilipomsomea bibi barua ya kwanza, mlango tumeufunga, sisi wawili tu, alinishika kichwa akanibusu utosini. "Huyo mwalimu wako," alisema, "Mungu ampe akitakacho."

Hata hivyo hakuwahi kutia mguu shuleni. Kila ikifika Siku ya Wazazi alisema, "Mambo ya kanisani yale, mwanangu. Sie tunakusomesha tu." Majirani zetu wenye watoto pale walisema hivyohivyo. Mwaka uliotangulia vilipangwa viti sitini wakaja watu kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa anatafuta mbuzi wake.

Mwalimu Aikande alitoka Kilimanjaro. Alikuja Unguja peke yake, na masanduku mawili, akapewa chumba kimoja nyuma ya darasa letu. Alikuwa mrefu, akicheka anaziba mdomo kwa mkono, na alikuwa na sketi moja ya buluu ambayo tuliijua kila mshono. Hakuwa mtu wa kusema uongo hata kidogo. Siku moja alisimama mbele ya darasa akatuomba radhi kwa kula chungwa alilolikuta mezani kwake, kumbe ni la Upendo. Nilimpenda sana, nikiugua namuota yeye badala ya mama, ambaye sura yake ilikuwa imeanza kunipotea.

Basi mwaka ule wiki ya Siku ya Wazazi ilianza kwa fujo ambayo sijapata kuiona tena. Baba Upendo alipaka chokaa kila kilichosimama, miti, kisima, mpaka jiwe ambalo tulikuwa tukilikalia, na sketi zetu zikarudi nyumbani nyeupe nyuma. Harufu ya chokaa mbichi hadi leo inanipandisha mori. Wanawake wa kanisani walichagua mchele uani wakiimba kwa sauti nne. Mbuzi wawili walifungwa nyuma ya choo, na kama kawaida mzee wa msikiti wa jirani ndiye aliyeombwa aje kuchinja, ili watu wote wale. Upendo, aliyejua kila kitu kwa kuwa baba yake alishika funguo zote, aliniletea habari kila saa.

"Matarumbeta yanakuja na meli," alisema.

Nilishtuka. Mtaani kwetu matarumbeta yakilia ni beni, na beni ni harusi. Sikuwahi kuyasikia kwa jambo jingine lolote.

"Na Mchungaji anakuja, kutoka Bara," akaongeza.

"Mchungaji anafanya nini?"

"Si anafungisha ndoa."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu kashonewa gauni jipya. Jeupe, lina maua hapa." Akajigusa kifuani.

Upendo hakunidanganya hata neno moja, nataka mjue hilo. Alinijibu nilichouliza, basi. Hesabu niliijumlisha mimi mwenyewe.

Na kama nilibakiwa na shaka yoyote, iliniisha Jumanne, nilipotumwa ofisini kuchukua chaki. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mwalimu Aikande alikuwa amekaa, ameshika barua kwa mikono miwili, analia bila sauti, machozi yanamdondokea juu ya meza na yeye hayafuti. Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole. Machozi yale niliyajua. Shangazi yangu alilia hivyo siku tatu kabla ya harusi yake, na wanawake wote wakamsifu, kwa sababu kwetu biharusi asiyelia husemwa mpaka anazeeka. Mwalimu wangu anaolewa, na analia vizuri.

Barua ile leo naijua ilisema nini, maana mwenyewe alinisimulia nilipokuwa mkubwa. Wakubwa wa kanisa kule Bara walikuwa wameandika wiki kadhaa kabla kwamba watakuja Siku ya Wazazi kuona kama shule ina watu. Viti vikiwa vitupu tena, shule itafungwa mwisho wa mwaka, na yeye atarudishwa kwao. Gauni alishonewa na wanawake wa kanisani ili apate nguvu ya kusimama mbele ya wageni. Matarumbeta aliyaomba mwenyewe, akitumaini sauti yake itawavuta majirani. Yote niliyoyaona yalikuwa matayarisho ya mtu anayehofia kuondoka.

Mimi nilikimbia hadi Malindi bila kupumzika. Bibi alikuwa anakuna nazi.

"Bibi! Mwalimu Aikande anaolewa Jumamosi!"

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Anaolewa? Kakwambia nani?"

"Nimemwona analia."

"Maskini!" alisema bibi, akaiweka nazi chini. Hilo lilimtosha, hakuuliza ushahidi mwingine, ingawa nilimpa wote. Alichouliza ni kingine. "Mamaake keshafika?"

"Mama yake yuko Kilimanjaro."

"Shangazi? Dada? Somo wa kumfunda?"

"Hana mtu, bibi. Ana mimi na Upendo."

Bibi alisimama. Nilimwona usoni anavyopandwa na hasira na huruma kwa pamoja. "Mtoto wa watu ataolewa hivihivi, hana hata wa kumpigia kigelegele? Na sie tupo? Hebu nenda kaniitie Bi Mwanaidi."

Bi Mwanaidi alikaa ghorofa ya chini, na ukimwambia yeye umeuambia mji. Hadi magharibi wanawake wote wa mtaa walikuwa wanajua. Kama wangealikwa shuleni wasingekwenda, lakini harusi ya jirani asiye na mtu, nani angebaki nyumbani? Suala la sare lilimalizwa ngazini. Watavaa kanga za harusi ya shangazi, kila mmoja anayo. Visheti vilianza kukaangwa Jumatano, halua ikaagizwa, na mimi nikatembea kifua mbele, kwa kuwa habari ni yangu.

Ijumaa bibi alinipa kifurushi nimpelekee Mwalimu. Ndani mlikuwa na udi na singo, ile ya liwa na mawaridi ya kumsugua biharusi mwili. Mwalimu aliifungua, akainusa, akafumba macho.

"Inanukia sana! Mwambie bibi asante. Hii inatumikaje?"

Niliona haya kumweleza, nikasema, "Usiku, kabla ya kulala." Miaka mingi baadaye alikiri kwamba aliitia kijiko kimoja kwenye chai, akanywa yote kwa heshima.

Jumamosi viti sitini vilipangwa chini ya turubai. Sisi watoto tulisimama mstari kwa sare zilizopigwa pasi mpaka zinang'aa. Saa tatu na nusu walikuwa wamekaa watu tisa. Mwalimu alisimama karibu na kisima katika gauni lake jeupe, anakunja na kukunjua karatasi ya ratiba, na kila mara anatazama langoni. Nilidhani anamtafuta bwana harusi. Kisha matarumbeta yakalia, yale makubwa ya shaba, na kabla hayajamaliza mshindo wa kwanza, barabarani vikajibu vigelegele.

Waliingia wanawake sitini. Mabuibui yamefunguliwa mbele kanga zionekane, masinia kichwani, vikuba vya asumini na rehani vimebanwa nguoni, na Bi Mwanaidi mbele anacheza kwa mabega. Baba Upendo alifungua lango lote akabaki mdomo wazi. Bibi yangu hakuingia na wenzake. Alisimama palepale langoni na mrashi wake mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Biharusi hana mama hapa. Leo mamaake ndo mie," akawa anamrashia kila apitaye, mmoja mmoja, kama anavyofanya mwenye shughuli. Wageni kutoka Bara walipowasili, Mchungaji mzee na mama wawili wenye mikoba, wakakuta lango linanukia mawaridi na ua umejaa. Bibi akamrashia Mchungaji mabegani, kisha kichwani, kisha akamtazama vizuri.

"Mtu mzima sana huyu," alimnong'oneza Bi Mwanaidi. "Lakini anaonekana mpole."

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa naruka mstarini, Upendo ananivuta sketi nitulie. Bibi alikata ua, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Aikande, akambana kikuba kifuani, akamshika mashavu. Matarumbeta yakanyamaza wakati huohuo.

"Hongera, mwanangu."

"Asante, bibi. Karibuni sana, karibuni." Mwalimu alikitazama kikuba. "Hongera ya nini?"

"Ya ndoa! Si leo unaolewa?"

Ua mzima ulisikia. Mwalimu alimtazama bibi, akawatazama wanawake sitini, akamtazama Mchungaji aliyekuwa anajifuta marashi masikioni. Kisha wote, sijui kwa nini, wakanitazama mimi. Nilitamani kisima kinimeze na chokaa yake.

"Nani kakwambia naolewa?" Mwalimu aliuliza, polepole, bila ukali.

"Matarumbeta," nilisema. "Na gauni. Na Mchungaji anakuja. Na Jumanne ulikuwa unalia."

Bi Mwanaidi alijifunika uso kwa kanga. "Jamaani, tushatahayari. Twendeni zetu."

Bibi hakugeuka. Alikuwa bado amemshika Mwalimu mashavu. "Ulikuwa unalia nini, mwanangu?"

Nilikuwa karibu, nikasikia. Mwalimu alisema kwa sauti ya chini, "Wanataka kuifunga shule, bibi. Haina watu. Nitarudishwa nyumbani."

Naona hadi leo jinsi bibi alivyowaza. Alivitazama viti, akanitazama mimi, na najua alikuwa anakumbuka barua za baba, mlango tumeufunga. Akawageukia wenzake, waliokuwa wameanza kupandisha masinia kichwani.

"Nani aende? Visheti vishafunuliwa. Kaeni!"

Wakakaa. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye mkeka wa kwaya. Mchungaji alikuja taratibu, mtu wa heshima zake, akamwamkia bibi ingawa labda walilingana umri. Kisha akamwuliza Mwalimu, "Hawa wote ni wazazi wa shule?"

Mwalimu Aikande alifungua mdomo. Nilimwona anataka kusema kweli, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kusema, na nusu ya wanawake wale hawakuwa na mtoto pale. Nilifumba macho.

"Naam," alidakia bibi. "Wazazi wake yeye. Na haendi popote."

Mchungaji akavua miwani, akaifuta marashi, akasema basi tuanze ratiba. Bi Mwanaidi alishinda mbio za magunia, buibui kalishika kwa meno. Mimi na Upendo tuligongana tukavunja mayai yote mawili. Mama mmoja wa mikoba alikula visheti mpaka akaomba afungiwe vya njiani. Shule haikufungwa mwaka ule, wala mwingine wowote.

Jioni watu wakitawanyika nilingoja kipigo changu. Bibi alinipita. Alimkabidhi Mwalimu ule mrashi, wa fedha, wa maulidi na harusi. "Kaa nao," alisema. "Siku utakayoolewa kweli utanirejeshea."

Mwaka uliofuata wanawake walikuja tena, na hakuna aliyewadanganya. Mwalimu aliweka mtoto langoni na mrashi. Kila Idi alipokuja kutuamkia, bibi alimwuliza, "Mrashi wangu je?" naye anajibu, "Bado, bibi," wanacheka wote wawili. Hakuolewa. Bibi alifariki mrashi uko shuleni, na siku ile ya msiba Mwalimu Aikande alikaa chini na wanawake wa nyumba, kama mtoto wa marehemu, wala hakuna aliyemwuliza yeye ni nani.

Jana alasiri alipanda ngazi zetu, anasimama kila ghorofa kupumua. Nilimpa maji. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kanga, akakiweka mapajani pangu, na kabla sijakifungua nilijua kwa uzito wake.

"Jumamosi mtoto wako aushike langoni," alisema. "Wakiisha kuingia watu, mrudi nao nyumbani. Shule nimewanunulia mwingine."

"Lakini bibi alisema siku ya harusi, Mwalimu."

"Najua alichosema." Aliziba mdomo kwa mkono, kama zamani, ila macho yalikuwa mekundu. "Matarumbeta yanakuja na meli. Mchungaji anakuja. Nimeshonewa gauni jipya. Na nimelia wiki nzima."

Nilimkumbatia pale kwenye kiti, mrashi katikati yetu unanichoma mbavu, nami nikalia kwa sauti, kwa kuwa mimi sijui kulia vizuri. Alipoondoka nilimsindikiza hadi chini. Kisha nikagonga kwa Bi Mwanaidi, ambaye sasa masikio yamepungua nguvu lakini udaku haujapungua.

"Jumamosi kuna harusi!" nikamwambia.

"Ya nani?"

"Ya Mwalimu Aikande."

Alinisogezea sikio, mkono kashika fremu ya mlango. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia.

"Sare gani?" akauliza.